Siku Masanja Alipokiri Kuligonga Lori

Mmenitumia ujumbe kwenye simu, nyie vijana mlioanza usaidizi wa kisheria pale kituoni kwetu Tabora mjini, mnasema, "Bibi Kabula, tupe madini." Mimi madini sina, sijawahi kuchimba. Nilichonacho ni magoti mabovu, madaftari tisa yaliyoliwa na mende pembeni, na miaka mingi ya kuwahangaikia watu wa baiskeli waliogongwa na watu wa magari. Hayo nitawapa. Ila kaeni vizuri, na anayesoma huku anachati aache kimoja.

Nianze na kosa ambalo kila mgeni wa kazi hii hulifanya. Ukifika wodini, usimwulize majeruhi nani alikuwa na kosa. Mtu kaumia, kachanganyikiwa, na akiwa Mnyamwezi mwenzangu atakujibu tu kwamba ni mambo ya Mungu, halafu utaandika nini? Muulize alikuwa amebeba nini. Hapo anafunguka. Atakwambia nilikuwa na magunia mawili ya mkaa, nilikuwa na tenga la kuku, nilikuwa na mama mkwe. Ukishaujua mzigo umeujua upana wa baiskeli, umejua angeweza kwenda mwendo gani, na umejua nani alikuwa anamsubiri. Huyo anayemsubiri ndiye shahidi wako wa saa, maana mtu anayengoja mkaa wake haachi kuangalia saa.

Hilo sikulibuni mimi. Nilifundishwa na Bi Salha, wakili wetu. Kwao ni wale Waarabu wa hapa mjini ambao babu zao walikuja na misafara wakasahau kurudi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye miwani mikubwa, na sauti yake ilikuwa na tabia moja ya kutisha. Wengine wakikasirika sauti hupanda. Yake ilishuka. Ukiona unamwinamia Bi Salha ili umsikie, jua umeharibu.

Mara ya kwanza kumwinamia ilikuwa kwa sababu ya baiskeli ya kijana mmoja wa Lusu, kule Nzega. Aligongwa kwa nyuma na pikapu, ringi la nyuma likajikunja kabisa. Ushahidi gani unataka zaidi ya huo? Nikaenda kwao, nikaandika maelezo, nikala karanga zao, nikarudi zangu. Nikasahau kuwaambia wasiiguse baiskeli. Siku ya kuipeleka kwa mkaguzi wakaileta wenyewe, wamevaa vizuri, wana furaha. Ndugu walikuwa wamechangishana, wakaipeleka kwa fundi, ringi limenyooshwa, mnyororo umepakwa oili, fremu imepigwa rangi ya kijani na kengele mpya juu. Waliona aibu mgonjwa wao apelekwe mbele ya serikali na baiskeli iliyopinda. Baba yake akaipiga ile kengele anisikilizishe. Nilitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

Tangu siku hiyo nikawa nazichukua. Baiskeli ikigongwa naipeleka ofisini, naifunga na mnyororo, nami naweka ufunguo kifuani. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vitambaa, na mwenye jengo, mzee wa Kihindi mpole sana, alikuwa akipanda ngazi anatikisa kichwa. "Kabula, nilikupangisha ofisi au gereji?" Namjibu, "Gereji ina faida, Mzee, sisi hatuna." Anacheka, anapita pembeni ya mikono ya usukani asichanike kanzu.

Siku hizi mna raha. Bima ya gari mnaiangalia kwenye simu kwa namba tu. Sisi ilibidi uinuke kwa vidole vya miguu usome stika kwenye kioo cha lori, huku utingo anakufukuza anadhani unaiba taa. Lakini fomu ya PF3, ile ya polisi unayopeleka hospitali, haijabadilika, na uzembe wa watu kuhusu PF3 haujabadilika. Mtu anagongwa, anapelekwa kwa mganga wa mifupa kijijini, anakandwa wiki mbili, ndipo anakumbuka polisi. Piteni kwenye vilabu vya pombe, misikitini, makanisani, mwambieni kila mwenye baiskeli: ukianguka, kwanza PF3, halafu mengine. Mimi nimeyasema hayo mpaka watoto wa Ntalikwa wakawa wananiita Mama Pieffu.

Na huko Ntalikwa ndiko alikotoka Masanja. Haya, sasa nimefika.

Masanja alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa mbali huko porini, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, na baiskeli ndiyo ilikuwa kila kitu. Bila baiskeli mizinga ile ilikuwa mapambo ya msituni tu. Basi alikuwa anakuja mjini asubuhi na ndoo mbili za asali kwenye keria, lori la saruji lililotoka Dar likamzoa, akaangukia mtaroni. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti.

Nilimkuta wodini, mguu umefungwa mbao, uso umevimba upande mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulikuwa umebeba nini?"

"Asali, mama. Ndoo mbili. Ya kule ndani kabisa." Akaanza kucheka, akashika mbavu kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Lakini ngoja nikwambie kilichotokea."

Dereva wa lile lori aliitwa Kondo. Aliruka chini kabla injini haijazimika, akamkimbilia mtaroni, mikono inamtetemeka, anasema pole bwana, pole bwana, kwa Kiswahili cha pwani. Masanja amelala pale, mfupa umeachana, anamsikiliza. Akamwuliza, "Wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

Nyie mnajua, au kama hamjui basi wazazi wenu wamewaonea: sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanashusha mizigo pwani na kulala kwao. Mtani akikutana na mtani hakuna adabu. Kwenye arusi, kwenye msiba, popote. Na Masanja alikuwa mtani wa kiwango cha juu.

"Ala, mtani," akamwambia. "Basi usijisumbue, kosa ni langu. Nimeligonga lori lako makusudi. Nimeona Mzaramo anaingia Unyamwezi bila kubisha hodi, nikasema huyu lazima nimgonge. Babu yako mwenyewe babu yangu alimbeba mgongoni mpaka Bagamoyo, maana Wazaramo hamjui kutembea. Leo mnakuja na malori mnajiona."

Watu waliokusanyika wakaangua kicheko. Kondo machozi yanamtoka, akamjibu, "Ukifa nitakuzika kichwa chini, miguu juu, Mnyamwezi wewe." Wakamwinua wakampakia.

Nilicheka wodini mpaka nesi akaja kuninyamazisha. Niliandika kwenye daftari: ndoo mbili za asali, lori la saruji, mguu wa kulia. Ule utani sikuuandika, nani anaandika utani?

Kesho yake asubuhi nikaenda mahali penyewe. Trafiki alishachora ramani yake, lakini sikilizeni, kila mara nendeni wenyewe, na nendeni siku ya pili, watu wakiwa wameondoka. Asali ilikuwa imemwagika yote, na nyuki wamekuja kuichukua mali yao. Wametanda chini kama mkeka mweusi. Na walikuwa wapi? Nje ya lami, kwenye changarawe, hatua zangu tatu kutoka ukingoni. Nikapiga picha. Siwadanganyi kwamba nilikuwa na akili siku hiyo. Nilipiga kwa sababu ilinichekesha, nikamtumia binti yangu.

Tukapeleka madai kwa kampuni ya bima ya lile lori. Mfupa wa Masanja ulikuwa umeunga vibaya. Daktari alisema lazima akafunguliwe upya kwenye hospitali kubwa, uvunjwe, uwekwe chuma, la sivyo hatakanyaga pedeli tena. Hilo ndilo tulilokuwa tunalipigania, ule mguu. Masanja akawa anakuja ofisini kila mwezi kwa magongo, anapanda zile ngazi ngazi moja moja, anaketi karibu na baiskeli yake iliyofungwa na mnyororo, anaipiga kengele mara moja. "Bado inaongea," anasema. Halafu ananitania mimi, maana nilizaliwa Ziba. Anasema watu wa Ziba wakiona baiskeli wanaitafutia majani ya kula.

Baada ya miezi mitatu barua ya bima ikaja: hawalipi, mwendesha baiskeli amekiri kosa polisi. Bi Salha akaisoma, akavua miwani.

"Kabula," akasema. Nikainama. "Jalada la polisi ulilisoma?"

"Bado."

"Miezi mitatu?"

"Bi Salha, mimi nilikuwa najua kilichotokea. Masanja alinieleza mwenyewe."

"Wewe ulikuwa unajua," akasema, na hapo nilikuwa nimeinama mpaka kidevu kinagusa meza. "Jalada je?"

Nikakimbia kituoni. Na kweli, ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kijana aliyetoka mafunzoni juzi: mwendesha baiskeli amekiri kuligonga lori kwa makusudi baada ya kuona Mzaramo ameingia Unyamwezi bila kubisha hodi. Chini yake sahihi ya Masanja. Alimrudia askari utani uleule, akatia sahihi huku amelala kwenye machela, anacheka.

Nilimtafuta yule askari nimkaripie, nikashindwa. Kijana wa watu, mstaarabu, amenyoosha kola. "Mama, mimi nimefundishwa kuandika anachosema mtu."

"Na lile la babu kubebwa mpaka Bagamoyo, mbona hukuandika?"

"Lile halikuhusu ajali."

Alikuwa amefanya kazi yake vizuri kuliko mimi. Mimi ndiye niliyetakiwa kulisoma lile jalada wiki ya kwanza, wakati mambo bado mabichi, nikaomba maelezo ya nyongeza, yakaisha. Sikulisoma kwa sababu nilicheka. Nawaambia hili bila kujificha: Masanja alipoteza miezi kwa sababu yangu, na nilikuwa silali.

Alipokuja mwezi uliofuata nikamweleza yote. Alinisikiliza, akatazama mguu wake. Hakunitania. Hakuigusa kengele. Akashuka zile ngazi ngazi moja moja, na mimi nikasimama juu nayasikia magongo mpaka yakafika chini. Nilikuwa nimezoea kutukanwa Ziba yangu kila mwezi, na siku ile nilitamani anitukane hata neno moja.

Tulikwenda mahakamani, tukamshitaki mwenye lori. Masanja akajieleza kwamba ulikuwa utani. Wakili wa upande wa pili, bwana mmoja wa suti nzuri aliyetoka Dar, akasema ni rahisi mtu kuita utani baada ya kuona hasara. Tukatoa picha ya nyuki. Akasema nyuki huruka, wanatua wanapotaka. Hakimu akaandika yote mawili. Ikabaki mtu mmoja tu duniani aliyekuwepo tangu mwanzo, naye ni Kondo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa kuliko yote, na naomba mlisome mara mbili.

Kondo alikuwa anapita Tabora kila baada ya wiki mbili, na malori yao yalikuwa yanapumzika kwa mama lishe mmoja kandokando ya barabara. Nikaenda. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, amevua viatu, anakula ugali kwa samaki wa Kigoma. Kijana mnene kiasi, uso wa ucheshi. Sikumsalimia. Niliinama, nikachukua kiatu chake kimoja cha kushoto, nikakitia kwenye mkoba.

Mnaolelewa na simu pengine hamjui, lakini mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Unakikomboa kwa atakachotaka.

"Ala," akasema Kondo, mdomo umejaa. "Mnyamwezi?"

"Wa Ziba. Kikomboe."

"Kwa soda au kwa kanga?"

"Kwa kuja kwa wakili wetu useme ilikuwaje siku ile ya asali."

Ucheshi ukamtoka usoni. Akanawa mikono pole pole. "Mama, tajiri wangu amesema nisiongee na mtu yeyote habari ile. Nina watoto." Akapanda lori lake na kiatu kimoja, akaondoka.

Mwenye akili angeachia hapo. Mimi nikapeleka kiatu ofisini, nikakiweka mezani kwa Bi Salha kama nimeleta kombe la mpira.

"Hicho nini?"

"Kiatu cha Kondo."

Akasema maneno ambayo niliyasikia kwa kumtazama midomo tu. "Kabula. Huyo ni dereva wa upande wa pili. Umemvizia mtu anayeweza kuwa shahidi, ukamnyang'anya kiatu. Wakisema tumemtisha, nitasimama niseme nini? Kwamba ni desturi? Kirudishe. Usidai kitu, usiombe kitu, usiseme neno juu ya kesi."

"Akiniuliza?"

"Usiseme."

Wiki mbili nikalala na kile kiatu chumbani kimeniangalia. Siku ya malori nikarudi kwa mama lishe. Kondo aliponiona akatabasamu kidogo, kwa wasiwasi.

"Nimekileta," nikamwambia, nikakiweka mbele yake.

"Nikikomboe kwa kitu gani?"

"Hakuna. Nakurudishia bure."

Hapo uso wake ulibadilika vibaya kuliko mara ya kwanza. Nami sikufikiria, vijana, kichwa changu kilikuwa kwa Bi Salha na sheria zake. Nilisahau kwamba mtani hakurudishii kitu bure. Mtani akikurudishia bure amekukasirikia, amekufuta, mmekuwa watu baki.

"Bure?" akauliza.

"Bure."

"Kwani yule ndugu hajapona?"

Nilitamani kumwambia juu ya ngazi, juu ya kengele. "Siruhusiwi kusema kitu," nikasema, nikageuka. Nyuma yangu sikusikia akivaa kiatu.

Siku ya utetezi wao, bwana wa suti akasimama akasema anamwita shahidi wake mmoja tu. Kondo. Akaingia amevaa kanzu safi, akaapa kwa Kurani, akasimama kizimbani hatazami upande wetu. Masanja alikuwa amekaa pembeni yangu, magongo katikati ya magoti.

"Shahidi," wakili akauliza, "siku ya tukio, je, mlalamikaji alitamka kwa kinywa chake kuwa yeye ndiye aliyeligonga gari lako?"

"Ndiyo. Alitamka."

"Na alisema amefanya makusudi?"

"Ndiyo."

"Sina swali lingine, mheshimiwa." Akaketi, akanyoosha mikono ya koti.

Nilijua tumekwisha. Masanja akafumba macho. Bi Salha akainuka taratibu, na ile sauti yake ndogo ikabidi mahakama nzima iinamie.

"Bwana Kondo. Alisema nini kingine?"

Hivyo tu. Kondo akamtazama, kisha kwa mara ya kwanza akamtazama Masanja.

"Alisema babu yake alimbeba babu yangu mgongoni mpaka Bagamoyo, kwa sababu Wazaramo hatujui kutembea."

Watu wakacheka. Hakimu akainua kalamu, wakanyamaza. Akauliza mwenyewe, "Kwenu na kwao mna utani?"

"Tangu misafara, mheshimiwa."

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia akifa nitamzika kichwa chini, miguu juu."

"Ulikuwa unakusudia hivyo?"

"Hapana, mheshimiwa," Kondo akasema. "Nilikuwa nalia."

Halafu akaendelea bila kuulizwa, haraka haraka kama anayeogopa ujasiri utamtoroka. Alikuwa anapishana na basi, akalivuta lori pembeni bila kuangalia. Masanja alikuwa nje ya lami kabisa, kwenye changarawe, na kioo cha pembeni ndicho kilichomchukua. Asali ilimwagikia hukohuko. Bi Salha akaomba aonyeshwe ile picha ya nyuki. Kondo akaitazama, akasema, "Ndipo hapo. Nilipiga magoti hapo, suruali ilinata wiki nzima."

Hakimu akamwambia, "Shahidi, unaelewa kwamba unajiweka pabaya wewe mwenyewe?"

"Naelewa, mheshimiwa. Lakini yule alinitania akiwa amevunjika mguu, ili mimi nisitetemeke. Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima."

Masanja, ambaye kwa miezi hakuwa amemtania mtu, akajifuta macho kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mwongo, Mzaramo huyu. Alitetemeka vilevile." Hakimu alimwonya, lakini nilimwona ameinamisha uso kwenye karatasi zake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika kuandika onyo.

Tulishinda. Masanja akapelekwa hospitali kubwa, mguu ukafunguliwa, chuma kikawekwa. Kondo alishitakiwa kwa uendeshaji wake mbovu, akakubali kosa, akalipa faini, na tajiri wake akamwachisha kazi mwezi uleule. Siwafichi hilo, kusema kweli kulimgharimu. Baadaye alipata gari jingine kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, anakusanya asali vijijini, na akahamishia familia yake Tabora. Kabla hajaanza kazi hiyo nilimwuliza, kesi ikiwa imeisha na ruhusa ya kuongea ninayo, kwa nini alisema vile. Akaniambia, "Uliponirudishia kiatu bure, mama, ndipo nilipojua huko kuna mtu anaumia kweli." Kwa hiyo Bi Salha alikuwa sahihi kwa sababu zake, na sababu nyingine hakuzijua hata yeye. Nilipomweleza alicheka kwa sauti, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia.

Nimebakiza moja niwaachie mkalale.

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Baiskeli ya Masanja nilishamfungulia siku nyingi, na fundi akainyoosha, safari hii kwa ruhusa. Nimekaa ofisini nafunga makaratasi kwenye maboksi, nikasikia kengele chini barabarani. Kengele ile naijua. Nikachungulia dirishani.

Masanja alikuwa anakuja anakanyaga pedeli, mguu wa kulia unachelewa kidogo ukifika juu, lakini unafika. Na kwenye keria, pale panapokaa ndoo za asali, alikuwa amekaa Kondo, mzito, miguu inaning'inia, ameshika shati la mwenzake kwa hofu. Masanja jasho linamtiririka, anapiga kelele mtaa mzima usikie.

"Mama Pieffu, toka uone. Nimembeba mjukuu sasa. Hawajajua kutembea mpaka leo."

Nilishuka zile ngazi nusu nakimbia, magoti na ubovu wake. Nilikuwa nacheka, machozi yananitoka, sikujali nani ananiona. Mwenye jengo alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, naye anapangusa macho kwa kona ya kitambaa cha kuuza. Kondo akateremka kwenye keria, akanisalimia shikamoo kwa heshima zote, nami nikaitika marahaba, nikadhani tumekuwa watu wazima. Akainama, akanivua makubadhi yangu yote mawili.

"Una deni la kurudisha kiatu bure," akasema. "Haya, yakomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Tutakwambia tukikumbuka."

Akapanda tena nyuma, makubadhi yangu mkononi. Masanja akasukuma, baiskeli ikayumba, ikakaa sawa, wakaondoka kuelekea Ntalikwa huku kengele inalia. Nikasimama barabarani nikiwaangalia mpaka wakapotea. Nilikwenda nyumbani peku siku ile, na sikusikia changarawe hata moja.